UZI: Hilux LN106 ya 3L kutoka Japani – kuifufua ukiwa nyumbani (nako, breki, mkanda wa taimingi, kutu)

Kokoto_na_Dizeli
Wakuu, maswali ya Hilux za zamani yanajirudia sana, basi tuyaweke mahali pamoja. Uzi huu ni wa LN106, toleo la kati ya 1988 na 1997: ekseli nzima mbele, springi za majani mbele na nyuma, injini ya dizeli 3L ya cc 2779 isiyo na tabo. Mwenye 2L ya cc 2446 naye karibu, mengi yanafanana. Mwenye ile ya miguu ya mbele inayojitegemea yenye tosheni baa, ruka habari za nako (kiungo cha kukatia kona mwishoni mwa ekseli ya mbele), hazikuhusu.

Gari imetoka bandarini, iko uani. Wengi wanaanzia kwenye rangi na sport rimu. Mimi napanga hivi: kwanza vinavyoua watu, yaani breki, nako na steringi. Halafu vinavyoua injini: mkanda wa taimingi, maji, oili. Umeme na springi vifuate, bodi iwe ya mwisho kabisa. Hii gari utaivua magurudumu na kuilalia chini wiki kadhaa, na rangi mpya itakwanguliwa na jeki yako mwenyewe.

Siku ya kwanza mwaga vimiminika vyote, usiamini stika ya Kijapani iliyobandikwa mlangoni. Ila kwenye difu, gia boksi na transifa (boksi linalogawa nguvu kwa foo wili), fungua nati ya KUJAZIA kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga halafu ya kujazia ikagoma kwa kutu, gari imelala hapo hapo. Ikague oili inayotoka. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi ni kipumulio cha difu kilichoziba au gari ilipita kwenye maji marefu. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni kawaida. Kipande unachoweza kukishika kwa vidole si kawaida, hapo fungua difu kabla hujaendelea.

Injini inakula karibu lita 6 za 15W-40 ya dizeli pamoja na filta. Nunua galoni ya lita 5 na kopo la lita 1, malizia kwa kupima na dipstiki. Difu zote mbili ni GL-5 ya 80W-90. Gia boksi ni GL-4 ya 75W-90, kwa sababu baadhi ya GL-5 zina salfa inayokula shaba ya ringi za gia, na baada ya muda gia ya pili inaanza kukwaruza. Difu, gia boksi na transifa jaza gari ikiwa sawasawa chini hadi oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia.

Mama_Grisi
Umegusa nako kwa juu juu, ngoja niingie ndani, maana ndiko LN106 nyingi zinakouzwa zikiwa mbovu na mnunuzi haoni.

Nako ni ile nyumba ya chuma inayozunguka juu ya tufe lililo mwishoni mwa ekseli ya mbele. Ndani yake mna jointi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu huku ukikata kona. Tufe likikauka na lina vumbi tu, siyo lazima kuwe na shida. Likiwa limelowa uji mweusi unaochuruzika hadi kwenye rimu, sili ya ndani ya ekseli imekufa: oili ya difu imeingia kwenye tufe, ikachanganyika na grisi, na huo uji hauwezi kulainisha chochote. Kuongezea grisi kwa juu ni kupoteza grisi.

Pima kabla ya kufungua. Nyanyua ekseli, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, mwombe mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki, ni beringi za nako zenyewe, zile mbili za juu na chini ya tufe. Kisha washa gari, weka foo wili, kata steringi mpaka mwisho kwenye mchanga au kokoto na uende taratibu. Ukisikia ta-ta-ta-ta, jointi imelika.

Vifaa: kiti kamili ya nako (sili ya ndani, sili ya habu, raba, felti, ringi ya chuma, gasketi), beringi za nako seti mbili, beringi za habu kama zina alama, kilo 1 ya grisi ya moli (yenye molibdeni) ya kuanzia kwa pande zote mbili, soketi ya milimita 54, nyundo ya shaba, mzani wa kuvutia wenye ndoano, spana ya toki. Soketi ya 54 haina mbadala. Nati zilizopigwa na patasi na nyundo utazikuta kwenye kila gari ya tatu, na patasi hiyo hiyo ndiyo inayoharibu nyuzi za spindo.

Kazi yenyewe:

Kaza kuni kwenye magurudumu ya nyuma, legeza nati za tairi, piga jeki, weka stendi chini ya ekseli. Ng'oa kalipa na uitundike kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa paipu ya breki, nyuzi za ndani ya paipu zinakatika bila kuonekana nje. Weka friwili (kile kifaa kwenye habu cha kuunganisha gurudumu na shafti) kwenye FREE, fungua kifuniko chake, toa saklipi au boliti iliyoshika ncha ya shafti. Mwili wa friwili umebanwa na nati 6 zenye washa za koni. Ukishatoa nati, washa hazitoki zenyewe: gonga pembeni mwa habu kwa nyundo ya shaba mpaka ziruke. Usizichokonoe na bisibisi.

Nyoosha washa ya kufungia, fungua nati ya 54 ya nje, washa, nati ya ndani, kisha vuta habu na disiki pamoja. Spindo imeshikwa na boliti 8. Ikishatoka, shafti inafuata, ila zungusha kwanza ule ubapa wa shafti uelekee juu, bila hivyo haipiti. Na itoe ukiwa umeibeba kwa mkono. Meno ya shafti yakiburuzwa juu ya sili mpya wakati wa kurudisha, umeshaikata kabla gari haijashuka chini.

Nati 4 za mkono wa steringi juu ya nako nazo zina washa za koni. Kati ya mkono na nako kuna shimu (vibati vyembamba vya kupangia nafasi), chini pia. Zifunge kwa waya, andika JUU KULIA, CHINI KULIA, na kadhalika. Hizo ndizo zinazoamua nako inabanwa kiasi gani na kama shafti inakaa katikati ya sili.

Safisha kila kitu kwa dizeli, maliza kwa petroli na kitambaa kikavu. Pitisha kidole kwenye tufe: likiwa na mashimo ya kutu, raba mpya itachanika ndani ya miezi michache. Mashimo madogo sugua kwa msasa wa 400 wenye mafuta, makubwa yajazwe kwa gundi ya chuma ya sehemu mbili na yasuguliwe yawe laini.

Ingiza beringi mpya za nako na vikombe vyake, rudisha shimu, kaza mkono wa steringi, Nm 96 hivi. Kabla ya kufunga sili, shika mzani kwenye tundu la ncha ya mkono, vuta kwa pembe mraba. Nako ianze kuzunguka kati ya kilo 3 na 6. Ikizunguka chini ya hapo, punguza shimu. Ikiwa ngumu zaidi, ongeza. Wengi wanairuka hatua hii, halafu gari ikifika kilomita 70 kwa saa na kugonga shimo, steringi inatetemeka kama ina homa, wanabadili shokapu bure.

Jointi ijaze grisi ya moli kwa kuisukuma ndani kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Tufe lijae robo tatu tu.

Kwenye habu: beringi zipakwe grisi ndani ya rola, siyo kupakwa juu kama siagi. Nati ya ndani kaza Nm 59, zungusha habu mara kadhaa pande zote, legeza mpaka izunguke kwa mkono, kaza tena kidogo kidogo huku ukivuta mzani kwenye stadi ya tairi mpaka usome kilo 2.8 hadi 5.6. Washa, nati ya nje Nm 47, pima tena kwa sababu nati ya nje nayo hubana, kisha kunja washa: upande mmoja ndani, mwingine nje.

Baada ya kilomita 500 rudi ukaze zile nati 4 za mkono wa steringi. Zikilegea, stadi zinakatika, na hapo steringi inageuka peke yake huku gurudumu linaenda linakotaka.

fundi_mwanafunzi
Dada shikamoo kwa somo. Swali: spea za nako zipo za bei ya chini sana kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kiti nzima. Zinafaa?

Mama_Grisi
Marahaba. Felti na gasketi za bei ya chini chukua, hazina neno. Sili ya ndani ya ekseli na beringi chukua za Kijapani zenye jina. Sili mbovu utaijua: mdomo wa raba mgumu, ukiubinya haurudi haraka, na kaspringi kake ka ndani kanatoka kwa kucha tu. Beringi Koyo feki nazo zipo nyingi, maandishi yake yamechapwa kwa wino juu juu, ukisugua kwa petroli yanafutika. Halisi yamechimbwa kwenye chuma.

Coast_Makanika
Hapo kwa nako nimekubali yote. Wacha niseme ya breki za nyuma, kwa sababu hizi gari huku Mombasa zinakuja na hendibreki imekufa na watu wanaichukulia poa.

Kwa Hilux hii, breki shu za nyuma zinajirekebisha kupitia hendibreki. Kila ukiivuta, kile kimeno ndani ya dramu kinasogeza nyota (kigurudumu chenye meno cha kurekebishia shu). Sasa nyuma ya kila gurudumu kuna kimkono cha pembe, pale kebo inapoingilia, kina pini na kijiraba. Kile kinashikwa na kutu. Kikishikwa, hendibreki haifanyi kazi, na shu hazijirekebishi tena. Pedeli inakwenda chini kila mwezi, mtu anabadilisha masta silinda. Masta haina hatia.

Toa kimkono, choma pini kwa moto kidogo kama imegoma, isugue, paka grisi ya kopa, weka kijiraba kipya. Kikikubali, kinapaswa kurudi chenyewe ukikiachilia. Kisha rekebisha nyota kwa bisibisi mpaka dramu iguse kidogo tu ikizunguka, na baada ya hapo vuta hendibreki mara kumi hivi gari ikiwa imesimama.

Dramu ina namba ndani yake, kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Disiki nayo imeandikwa unene wa chini. Soma hizo namba kabla hujaipeleka kwa mtu wa leithi. Iliyopitisha kiwango haichongwi, inatupwa. Pedi zikibaki milimita 3, badili.

Ukikuta shu zimelowa oili ya difu, ni sili ya ekseli ya nyuma. Shu zilizolowa hazisafishwi kwa petroli na kurudishwa, oili imeshaingia ndani ya laini (ile sehemu ya shu inayosugua dramu) na ikipata joto itatoka tena. Badili pande zote mbili.

Kutoa hewa: anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta, kwa gari za steringi ya kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, halafu mbele. Usisahau ile valvu ya mzigo juu ya ekseli ya nyuma yenye fimbo, nayo ina nati yake ya kutolea hewa. DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo.

Na mtu akiongeza springi za nyuma ili abebe mchanga, ile fimbo inafikiri gari iko tupu. Breki ya nyuma inapunguzwa na mbele inabeba kila kitu. Fimbo irekebishwe urefu, siyo kukatwa.

Kokoto_na_Dizeli
Coast, ongeza na pampu ya vakyumu, ile inayoipa nguvu busta (kisaidizi cha pedeli ya breki). Kwenye 3L iko nyuma ya altaneta, inalainishwa na oili ya injini kwa paipu ndogo. Sili yake ikifa, oili inaingia kwenye altaneta, taa ya chaji inawaka, fundi umeme anabadili brashi, baada ya wiki mbili hali ni ile ile. Ukikuta altaneta ina oili ndani, tatizo ni pampu.

Kupima: injini ikiwa imezimwa kanyaga breki mara tano mpaka pedeli iwe ngumu, shikilia, washa. Pedeli ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, angalia paipu ya vakyumu na valvu yake ya njia moja kabla ya kulaumu busta.

Coast_Makanika
Kweli kabisa boss. Na paipu ya kurudisha oili ikiwa imepasuka, injini inatema oili polepole ukutani mwa chasi mpaka unafikiri ni sili ya kranki.

Nozeli_Nne
Naingia kwenye injini.

Mkanda wa taimingi kwenye 3L ni kila kilomita 100,000. Gari ya Japani iliyosoma 180,000 kwenye dashi, chukulia mkanda haujabadilishwa mpaka uone ushahidi, na namba ya dashi yenyewe ichukuliwe kwa wasiwasi. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu.

Zungusha kranki kwa boliti yake, kwa mwelekeo wa injini, mpaka silinda namba 1 iwe juu na alama za puli tatu zikae: kranki, kamu, pampu ya dizeli. Tia alama zako za rangi nyeupe kwenye puli na kwenye kava kabla ya kulegeza chochote. Puli ya pampu ina tabia ya kuruka kidogo mkanda ukitoka, kwa sababu ya nguvu ya springi ndani ya pampu, usiogope, irudishe kwa mkono. Badili mkanda, puli ya kukazia, sili ya mbele ya kamu na ya kranki kwa pamoja. Mkanda mpya ukilowa oili ya sili ya zamani, hautamaliza hata nusu ya umri wake. Ukishakaza, zungusha kranki mizunguko miwili kamili kwa mkono na utazame alama upya. Jino moja la pampu likikosewa gari itawaka, ila itagonga kama mashine ya kusaga au itatoa moshi mweupe na kukosa nguvu.

Valvu: 3L inatumia shimu juu ya vikombe. Injini baridi, upande wa hewa milimita 0.20 hadi 0.30, ekzosi 0.40 hadi 0.50. Valvu za ekzosi zikibana kupita kiasi gari inakuwa ngumu kuwaka asubuhi na mtu anakimbilia hita plagi (zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha).

Hita plagi nazo: zipo za volti ndogo na za volti 11 au 12, kulingana na mfumo wa gari. Soma maandishi ya plagi iliyotoka, usilinganishe umbo. Ya volti 6 kwenye mfumo wa volti 12 inaungua ncha, na ncha hiyo inaweza kudondokea ndani ya silinda. Pima kwa multimita: toa lile bamba linaloziunganisha, kila plagi isome karibu na sifuri. Isiyosoma kitu imekufa.

Gari ikiwaka kwa taabu asubuhi lakini ikiwa ya moto inawaka mara moja, kabla ya kugusa plagi angalia hewa. Pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli ina raba ndani, ikizeeka inavuta hewa bila kuvujisha dizeli, kwa hiyo huoni kitu. Weka paipu ya plastiki angavu kati ya filta na pampu ya dizeli kwa siku chache. Ukiona mapovu asubuhi, umeshapata jibu.

Kupima presha ya silinda kupitia tundu za hita plagi: 32 kg/cm² ni nzuri, chini ya 20 ni kufungua injini, na silinda zisitofautiane zaidi ya 5.

Babu_Redieta
Moto wa 3L uko kwenye hedi. Ikichemka mara moja tu, inapasuka kati ya valvu. Dalili ni presha kwenye redieta gari ikiwa baridi: fungua kifuniko asubuhi, washa, chungulia. Mapovu yanayoendelea bila kukoma ni hedi au gasketi.

Ukifungua, weka rula ya chuma juu ya hedi na fila geji chini yake. Kupinda kuzidi milimita 0.20, ipelekwe mashineni, na ipimwe presha ya nyufa kabla ya kuichonga, maana kuchonga hedi iliyopasuka ni kulipia kazi mara mbili. Kufunga: boliti Nm 78 kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje, tia alama ya rangi kwenye kila kichwa, digrii 90, tena digrii 90.

Temostati (valvu ya maji ya injini inayofunguka kwa joto) ibaki ndani. Najua nitabishiwa.

fundi_mwanafunzi
Babu, huku mtaani mafundi wote wanaitoa wakisema nchi ni ya joto.

Babu_Redieta
Joto la nchi ni digrii 32, temostati inafunguka kwenye 82. Nchi haihusiki hapo. Ukiitoa, injini inakimbia baridi, dizeli haiungui yote, inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Mshale wa joto unakaa chini unafurahi, kumbe ringi zinalika. Na gari inayochemka temostati ikitolewa, bado ina ugonjwa: redieta imeziba, feni klachi imekufa, au wota pampu imelika mapanga.

Feni klachi: injini ikiwa ya moto, zima, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bure mizunguko kadhaa, silikoni imetoka. Mtu asiifunge kwa waya wala kuchomelea. Inakula nguvu na kelele yake utaichoka.

Redieta: ipapase kwa kiganja injini ikiwa imezimwa na bado ya moto, feni ikiwa imetulia. Penye ubaridi katikati pameziba. Maji weka ya chumvi? Hapana. Kulanti nusu kwa nusu na maji safi ya kuchemshwa au ya betri. Kisima cha pwani kinaua alumini ya hedi.

Mvuvi_wa_Tanga
Kutu sasa. Gari zilizotoka kaskazini mwa Japani zimekimbia kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, juu inang'aa, chini imeliwa. Nasi wa pwani tunaongezea ya bahari.

Gonga chasi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya bati lenye udongo. Tazama hasa pale springi za nyuma zinaposhikwa na chasi, kwenye mikunjo juu ya ekseli ya nyuma, na viti vya bodi. Chasi ni boksi, ndani hujaa matope. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu, osha mpaka maji yatoke meupe, acha ikauke siku mbili juani.

Kilichooza kikatwe mpaka chuma kizima. Kiraka kiwe cha unene ule ule wa chasi, kingo zake zikatwe mshazari, sio mstari wima unaokata chasi pande zote, hapo ndipo itakapovunjikia. Kabla ya kuchomelea toa waya za betri na uchomoe altaneta. Tangi la dizeli lishushwe, si kufunikwa gunia.

Kutu ya juu juu: brashi ya waya, dawa ya asidi ya fosforiki mpaka igeuke nyeusi, suuza kwa kadiri ya maelekezo ya kopo, praima ya epoksi, rangi. Ndani ya chasi mwaga nta ya kuzuia kutu kwa paipu ndefu. Oili chafu ya injini watu wanaitumia, inasaidia kiasi, ila inakula raba za bushi na paipu za breki zikiguswa.

Kwenye bodi, puti isizidi milimita 3. Zaidi ya hapo nyoosha bati kwanza. Msasa 80, 180, 320, kisha 400 wa maji kabla ya rangi. Na tundu za kutolea maji chini ya milango zisizibwe na puti, ndiyo sababu milango inaoza kuanzia chini.

Springi_Kavu
Langu fupi. Ukibadili bushi za raba za springi, pini zikazwe gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, si ikiwa hewani. Ukikaza hewani, raba inakuwa imejipinda muda wote na itachanika. Yuboliti mpya kila ukifungua springi, Nm 120 hivi, rudia baada ya kilomita 500.

Mkiweka tairi 7.50R16 badala ya 205R16, kipenyo kinaongezeka karibu asilimia 10. Dashi ikisoma 80, mko kwenye 88. Breki nazo zinafanya kazi kubwa zaidi. Na mwingilio wa magurudumu ya mbele (tairi kuelekeana kidogo kwa mbele) uwe milimita 0 hadi 2, unaweza kuupima nyumbani kwa futi kamba na chaki kwenye tairi: pima nyuma ya tairi, sukuma gari nusu mzunguko, pima alama zile zile zikiwa mbele.

Friwili zifungwe LOCK na gari iende kilomita chache kwenye vumbi kila mwezi, foo wili ikiwa ndani. Jointi na difu ya mbele zinapata oili. Ila usiweke foo wili kwenye lami kavu, transifa haina difu ya katikati.

fundi_mwanafunzi
Dada Mama_Grisi, narudi. Kuna LN106 imefungwa kiti kamili upande wa kushoto, sili mpya ya Kijapani, na uji umerudi ndani ya wiki tatu. Kulia pako pakavu. Fundi anasema sili ni feki.

Mama_Grisi
Kabla ya kumlaumu aliyeuza, angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu.

Kipumulio cha difu ya mbele, kile kikofia juu ya ekseli. Kipulize kwa mdomo. Kikiziba, hewa ya moto ndani ya ekseli inasukuma oili kupitia sili iliyo dhaifu zaidi, mara nyingi upande mmoja tu. Badala ya kikofia weka paipu ndefu ya mpira hadi juu kwenye injini.

Kisha toa shafti, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haiwezi kuziba. Shafti hiyo ibadilishwe, au sili iingizwe milimita 2 au 3 tofauti na ilipokaa ya zamani ili mdomo wake ukute chuma kisicho na mfereji, mradi isipite mwisho wa kiti chake.

Mwisho shimu. Kama zile za juu na chini zilichanganywa wakati wa kufungua, nako imekaa juu au chini kuliko inavyotakiwa, shafti inapita pembeni mwa sili badala ya katikati. Mdomo wa sili utakuwa umelika upande mmoja tu. Mwambie fundi akuletee ile sili iliyotolewa, ishike juani na uizungushe, utaona.

fundi_mwanafunzi
Imelika upande wa chini tu. Shimu zote nne zilikuwa kwenye kopo moja.

Mama_Grisi
Basi fungua kulia pia, upande ule mkavu haujaguswa. Pima unene wa shimu zake za juu na za chini kwa maikromita, zikupe pa kuanzia kushoto. Zikikaa sawa na shafti ikapita katikati ya kiti cha sili, vuta mzani tena: kilo 3 hadi 6. Ukilazimika kubadili unene ili mzani ukubali, gawa nusu juu, nusu chini. Usiufidie wote upande mmoja.